Sindano Tumboni, Pembe Mgongoni

Kama unasoma haya ili ujue kama mwishoni nilipata mtoto, jibu nakupa sasa hivi: sikupata. Nilipandikizwa mimba mara nne. Mbili za kwanza hazikushika, ya tatu ilishika ikaharibika, ya nne haikushika. Nasema mapema kwa sababu mimi mwenyewe, nilipokuwa nikisoma maelezo ya wanawake wengine, nilikuwa naruka kurasa zote nikatazame mwisho kama kuna picha ya mtoto. Ikiwepo, nilimwonea wivu aliyeandika. Isipokuwepo, niliacha kusoma. Wewe usiache. Kuna mambo ya sindano ambayo hakuna aliyeniambia, na kuna ubaya mmoja nilioufanya mwenyewe kwa mama mkwe wangu, nikiwa na akili zangu timamu. Huo ubaya ndio unaonifanya niandike.

Naitwa Zuhura, kwetu ni Kondoa. Serikali ilinileta Kigoma kuwa afisa uvuvi, nami nilidhani nitakaa miaka miwili niombe uhamisho. Badala yake nikaolewa na mwalimu wa hesabu, Yasini, Muha wa Rusimbi, tukapanga nyumba Katubuka. Kazi yangu ilikuwa mwaloni, pale boti za wavuvi zinaposhusha samaki. Nilikagua nyavu, niliandika mizigo ya dagaa, niligombana na wavuvi hadi wakanizoea.

Mama yake Yasini alizaliwa Mwamgongo, kule kaskazini unakofika kwa boti, akaletwa Rusimbi na ndoa. Pale mtaani yeye ndiye aliyekuwa akiogesha watoto wachanga. Mwanamke akijifungua, Mama Yasini anaitwa siku ya kwanza, anachemsha maji, anaosha, anamnyoosha mtoto viungo, anamkanda mzazi, na siku ya arobaini ananyoa nywele. Vijana wa mtaa ule wenye ndevu zao wote walipita mikononi mwake. Halafu mwanawe wa pekee akanioa mimi. Hakuwahi kunisema, hata kwa mafumbo. Ningependa angenisema, ningejua pa kujitetea.

Baada ya mara ya pili kushindwa, daktari wetu wa Dar es Salaam, mama mmoja mpole anayeongea taratibu, alinipima damu. Akasema huenda damu yangu inaganda upesi kuliko inavyotakiwa, na kiinitete kikifika kwenye mfuko wa uzazi kinakosa kulishwa vizuri. Akashauri mara ya tatu nitumie sindano za kufanya damu iwe nyepesi, kila siku, pamoja na kidonge kidogo cha aspirini.

"Zitasaidia?" Yasini akauliza.

"Wengine tumewapa wakapata watoto," akasema. "Wengine tumewapa wakakosa. Na wapo waliopata bila hizo sindano. Sisi wenyewe madaktari hatujakubaliana."

Nilimpenda kwa jibu lile. Yasini hakulipenda. Yeye ni mtu wa hesabu.

Sindano yenyewe ni ndogo, na tatizo lake ni kwamba unajichoma mwenyewe. Unafinya nyama ya tumbo, mbali kidogo na kitovu, unaingiza wima, unasukuma polepole, unahesabu hadi kumi, unatoa. Leo kulia, kesho kushoto. Usisugue baadaye hata kama panawasha. Mimi nilisugua wiki nzima ya kwanza, ndipo tumbo likawa na mabaka ya zambarau, yakageuka kijani, yakageuka manjano, mapya yakaota juu ya ya zamani. Yasini alijaribu kunichoma mara moja. Alihesabu hadi kumi bila kuchoma, nikampokonya bomba nikamwambia akasahihishe madaftari.

Nilichoma saa moja asubuhi, kabla ya kwenda mwaloni. Nilitunza boksi ndani ya chungu kikavu chini ya meza, mahali penye ubaridi, maana nyumba yetu ilikuwa ya bati na joto la Kigoma mnalijua. Dawa ililetwa kwa basi kutoka Dar, na siku basi likichelewa mimi nilisimama stendi kama ninayempokea mgeni wa kutoka Makka.

Huo ndio mwaka ambao boti zilikuwa zikishusha wakimbizi kutoka Burundi. Kila aliyefanya kazi ufukweni alipewa kazi nyingine juu ya kazi yake. Mimi nilipanga foleni, niligawa maji, niliandika majina. Wanawake wa Kirundi waliingia na watoto mgongoni, mbele na mkononi. Walinipa watoto niwashike wakati wanatia dole gumba kwenye karatasi. Ilikuwa ni zile wiki mbili za kungoja kujua kama mimba imeshika, nami nilikuwa nawashika watoto wa watu nikihesabu siku. Mbalamwezi ilikuwa imeanza, na dagaa hawavuliwi kwenye mwanga wa mwezi, kwa hiyo wavuvi walikuwa wamelaza boti zao wakishona nyavu, na mimi nilikuwa nangoja kama wao.

Mimba ilishika. Kipimo kilipoonyesha, nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa bafuni nikacheka peke yangu. Yasini alienda Rusimbi mbio kumwambia mama yake, ingawa tulikuwa tumekubaliana tunyamaze. Mama alikuja siku hiyohiyo na chupa ya mawese na samaki wawili. Nilipiga goti nikampigia makofi ya salamu, kama mkwe wa Kiha anavyotakiwa.

"Mwakeye, mama."

"Mwakeye. Inuka, inuka. Kuanzia leo usiiname hivyo."

Nilitakiwa kupigwa picha ya altrasaundi wiki ya saba, ili waone mapigo ya moyo. Nilipofika hospitali niliambiwa wapimaji wamepelekwa kwa wakimbizi, nirudi baada ya wiki tatu. Sikulalamika. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu watu waliokuwa wakihitaji wapimaji wale. Nikaendelea kuchoma, kulia na kushoto, na Yasini akasafiri kwenda Dodoma kusahihisha mitihani ya taifa.

Sasa nije kwenye pembe.

Mama Yasini alikuwa akija kila siku Yasini alipokuwa safarini. Asubuhi moja alinikuta nimeshika bomba tumboni. Akatazama mabaka, akakaa kitini, akauliza hii dawa inatibu nini. Nikamweleza nilivyoelewa, kwamba damu yangu ni nzito, inaganda, mtoto hapati chakula.

"Damu nzito?" akasema. "Ego! Si mngeniambia tangu zamani? Damu nzito tunaijua sisi. Hiyo inaumikwa."

Akanieleza habari za Bi Tatu wa Ujiji, aliyekuwa akipiga chuku tangu enzi za mama yake. Anakuchanja kidogo mgongoni, anaweka pembe ya ng'ombe, ananyonya hewa, damu mbaya inatoka, inabaki nyepesi. Mama mwenyewe aliumikwa kabla ya kumpata Yasini, baada ya kukaa miaka sita bila mtoto. Alinisimulia miaka ile sita kwa mara ya kwanza siku hiyo. Sikujua kwamba naye alikalia benchi hili la kungoja mtoto.

Naomba usimcheke. Hesabu yake ilikuwa imekamilika. Daktari anasema damu ni nzito ipunguzwe, na yeye anamjua mtu wa kupunguza damu. Na mimi, msomi, mwenye shahada, nilifikiri nini? Nilifikiri kwamba haitadhuru. Nilifikiri pia kwamba ni mara ya kwanza ananiomba kitu. Nikavaa baibui tukapanda bajaji.

Bi Tatu alikuwa mwanamke msafi mwenye ua uliofagiwa vizuri. Wembe alitoa mpya kwenye karatasi yake mbele ya macho yangu. Aliuliza kama nina mimba, Mama akasema ndiyo, changa, Bi Tatu akasema basi hatagusa kiuno, ataweka juu, pembe tatu tu. Hakuuliza dawa ninazotumia, na mimi sikusema. Watu wa pembe hawaulizi vidonge, na watu wa vidonge hawaulizi pembe. Ukibaki na jambo moja katika maandishi haya, baki na hili: ukiwa kwenye sindano hizi, kila anayekaribia ngozi yako na wembe, sindano au koleo la meno, mwambie kabla hajakugusa.

Pembe zilijaa upesi. Bi Tatu akasema, kwa furaha kabisa, "Mmeona ilivyokuwa nyingi?" Akaziondoa, akapangusa, akabandika pamba. Pamba ikalowa. Akabandika nyingine. Ikalowa. Mama akavua kanga yake ya juu akanikandamiza nayo mgongoni kwa viganja viwili, na ndani ya bajaji kuelekea hospitali hakuiachia, alikuwa amenikumbatia kwa nyuma kama mtu anayezuia mlango usifunguke. Mimi niliona aibu zaidi kuliko woga. Nilikuwa nafikiria nitawaeleza nini manesi.

"Unatumia dawa yoyote?" nesi aliuliza.

"Ya kufanya damu iwe nyepesi."

"Halafu ukaenda kuumikwa."

"Ndiyo."

Akanitazama, akamtazama Mama, akaenda kumwita daktari. Walinifunga bendeji ya kukaza, wakanilaza kifudifudi, na baada ya muda mrefu damu ikakubali kusimama. Daktari kijana akasema kwa kuwa nina ujauzito ni lazima nipigwe picha leo leo. Kwa hiyo ile foleni ya wiki tatu niliiruka kwa sababu ya pembe tatu.

Chumba cha picha kina baridi. Mpimaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani. Alizungusha kifaa tumboni, juu ya mabaka yangu, akazungusha tena, akapima, akaandika. Niliona kitu kidogo kama punje ya haragwe, kimetulia.

"Wiki ya ngapi ulisema?"

"Ya tisa inaisha."

"Huyu ana ukubwa wa wiki saba," akasema. "Hana mapigo. Pole, dada."

Nikamwuliza kama ni ile damu iliyotoka. Akavua miwani.

"Siyo. Moyo wake haukusimama leo. Umesimama kama wiki mbili sasa, ulikuwa hujajua tu. Hata ungelala kitandani tangu siku ya kwanza, isingebadilika."

Aliirudia mara mbili, ili nielewe. Nilielewa. Nataka uelewe kwamba nilielewa vizuri kabisa.

Mama alikuwa kwenye benchi la nje, kati ya wakimbizi wanaongoja. Kanga aliyokuwa nayo mikononi ilikuwa imelowa damu yangu. Aliponiona akasimama.

"Yupo?"

"Hayupo tena, mama."

Akakaa chini sakafuni. Hakulia kwa sauti. Alisema, "Ni mimi. Ni mimi nimemtoa." Akainua macho kunitazama, akingoja.

Nilikuwa na maneno ya mpimaji mdomoni. Yalikuwa maneno machache tu, nami sikuyasema. Nilikaa kwenye benchi nikatazama ukuta. Mkimbizi mmoja mwenye mtoto mgongoni, ambaye hakujua hata tumepatwa na nini, alivua kitenge chake akamfunika Mama mabega, akabaki na blauzi tu.

Yasini aliporudi nilimjibu kile alichoniuliza tu. Mimba imeharibika? Ndiyo. Mama alikupeleka kuumikwa? Ndiyo. Ulitoka damu nyingi? Ndiyo. Kila jibu lilikuwa kweli. Akaenda Rusimbi, akarudi, akaniambia kwamba amemwambia mama yake maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, na kwamba hatakanyaga tena pale. Nadhani alitarajia nitafarijika. Nikamwandalia chai.

Nilisafishwa kizazi. Sindano nikaacha. Mabaka ya tumbo yaliisha kabla ya mvua kuanza, ya mgongo yakaacha alama tatu za mviringo ambazo ninazo hadi leo. Mwili wangu ulibaki umevimba vimba kwa miezi, maziwa yanauma bila sababu, nywele zinatoka kwenye kitana. Wanakuambia mwili utarudi. Wangu ulirudi polepole na ukiwa na manung'uniko.

Mama aliendelea kuja, mara moja kwa wiki, saa ambazo Yasini yuko shuleni. Hakuingia sebuleni. Alikaa barazani, akaacha alichokileta, akaondoka. Hakunipikia tena, alileta vitu vibichi tu, kama anaogopa mkono wake kwenye chakula changu. Na siku moja, nilipofungua mlango, alipiga goti. Mama mkwe wangu, mwenye mvi kichwa kizima, alishuka chini akanipigia makofi.

"Mwakeye," akasema.

Ningekuwa mtu, ningeshuka naye. Nilisimama mlangoni nikaipokea salamu.

Kwa nini? Nimejiuliza sana. Hasira ilikuwepo, lakini hasira haidumu miezi saba. Sababu ya kweli ni kwamba kama si Bi Tatu na pembe zake, na si Mama, basi ni mimi. Ni damu yangu, ni tumbo langu, yaleyale ya mara ya kwanza na ya pili. Ilikuwa ni mara ya kwanza nimeshindwa na lawama ikaenda kwa mtu mwingine, na sikutaka kuirudisha.

Aliyenitoa huko ni Mama Asha, jirani wa Rusimbi, aliyekuja mwaloni kununua dagaa. Binti yake alikuwa amejifungua.

"Mkweo ametukatalia," akasema, huku akionja dagaa kama zimekauka. "Kuogesha mjukuu wangu. Tumembembeleza siku tatu. Anasema mikono yake haifai kushika mtoto. Na siyo sisi tu, miezi saba sasa hajaogesha mtoto wa mtu. Kwani kuna nini?"

"Sijui," nikasema.

Nikampimia dagaa wake. Halafu nikamwachia daftari karani, nikatembea hadi barabarani, nikachukua bodaboda kwenda Rusimbi na sare zangu za kazi.

Mama alikuwa uani, amekaa juu ya mkeka anapepeta mchele. Alitaka kupiga goti, nikamshika mabega kabla hajafika chini. Nikakaa naye mkekani. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakapotea, nikasema tu.

"Mama, mtoto hakufa kwa sababu ya pembe. Alikuwa ameshakufa. Alikufa wiki mbili kabla hatujaenda kwa Bi Tatu. Mpimaji aliniambia."

Ungo ulisimama.

"Alikuambia lini?"

"Siku ileile. Mle ndani."

"Kabla hujatoka nje?"

"Kabla sijatoka."

"Ukatoka ukanikuta. Nikakwambia ni mimi."

"Ndiyo, mama."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo."

Alirudia kupepeta, mara mbili tatu, pumba zikaruka. Mchele ulikuwa unamwagika, naye hakuutazama.

"Na Yasini?"

"Hajui. Sijamwambia."

"Mwanangu hajanisalimia miezi saba."

"Najua. Leo nitamwambia. Nitamleta hapa."

"Kwa nini ulinifanyia hivyo, Zuhura?"

Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, kwamba kama si yeye ni mimi. Nilisema vibaya, nikilia, kamasi zinatoka, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni. Nilingoja anifukuze. Nilikuwa tayari, na nadhani hata nilitaka.

Mama aliweka ungo chini. Akahesabu wiki kwenye vidole, akarudia kuzihesabu.

"Kwa hiyo alikwenda mwenyewe," akasema. "Sikumgusa."

"Hukumgusa, mama."

"Miezi saba sijamwombea," akasema. "Wafu wangu wote nawataja, mume wangu, mama yangu, ndugu zangu wa Mwamgongo. Yeye nilikuwa namruka. Nilisema, unamwombeaje mtu uliyemuua? Utamwambia nini Mungu?"

Nikamshika mkono kutaka kuomba msamaha. Akautoa, si kwa ukali, akajishika goti, akainuka taratibu.

"Wewe tutagombana baadaye," akasema. "Na tutagombana kweli. Mtoto kwanza, amengoja sana."

Akachukua kopo la maji akaenda kutawadha.